Sentimita Nane za Irja

Benchi la Sirkka mwenye mgahawa limewekwa dirishani, ndani ya kituo cha mafuta, pale barabara ya Rautaniemi inapofika ukingoni mwa ziwa na kukosa pa kwenda. Ni la msonobari, na makalio ya wanaume watatu yamelilainisha kuliko randa ya fundi yeyote. Ukiwakosa hapo saa tatu asubuhi, piga simu polisi. Wa kwanza ni Oiva, aliyeendesha lori la maziwa miaka thelathini na minne, wanamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Wa pili ni Taisto, wanamwita Waziri, maana aliwahi kukaa kwenye baraza la wilaya muhula mmoja na mpaka leo hajashuka. Wa tatu ni Kauko, ambaye tangu Desemba wamembatiza Mgane, ingawa mkewe yu hai, ni mzima kama kengele, na moshi wa nyumba alimo unaonekana kutoka hapo hapo dirishani.

Alhamisi hiyo, mwisho wa Januari, mvua ilikuwa inanyesha. Si theluji, ni mvua, ile ya kuchuruzika shingoni. Kauko aliingia amelowa, keke yake ndefu ya kutobolea barafu begani, akapiga buti zake kwenye mkeka.

— Ngapi? — Redio akauliza hata mlango haujafunga.

— Ishirini na mbili.

— Na kule?

— Nane.

— Nane! — Waziri akapiga meza, vikombe vikaruka. — Jana nane. Juzi nane. Siku ya Jumapili ya wiki juzi nane. Hiyo ni barafu au ni namba ya nyumba?

— Mimi nimeambiwa nane, — Kauko akasema. — Unataka niseme kumi ili ufurahi?

Akaisimamisha keke kando ya jiko, akakaa pale pake pa kila siku, penye alama yake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kwenda kisiwa cha Lehtosaari kuna njia mbili tu: kiangazi ni pantoni, na majira ya baridi ni barabara ya barafu, juu ya ziwa lenyewe, imepangiwa vijiti vya msonobari kulia na kushoto usije ukapotea. Katikati ya njia hizo mbili kuna kelirikko, wakati njia imevunjika: boti inazuiwa na uji wa barafu, na mtu akikanyaga uji huo anazama. Zamani kelirikko ilichukua wiki mbili, watu wakaizoea kama mafua. Siku ya Uhuru, tarehe sita Desemba, Redio alikuwa anapita ziwani na lori limejaa maziwa, anapiga na honi. Sasa zimetimia wiki saba, na hakuna anayejua mwisho wake. Barafu imekuwa na madaha, lakini pantoni ya serikali haina madaha: inasimama tarehe kumi Desemba, barafu iwepo isiwepo, kwa sababu mtu fulani mwenye tai aliandika hivyo wakati Sirkka bado ananyonya, na mpaka leo haijapatikana fomu ya kumwomba afute.

Irja, mke wa Kauko, alipanda pantoni tarehe tisa kwenda kumsaidia dada yake Hilkka kutundika mapazia. Mapazia ya siku moja. Kesho yake akaikosa pantoni ya mwisho kwa dakika tano, na ziwa likaziba nyuma yake.

Tangu hapo, kila asubuhi saa mbili kamili, Kauko anapiga simu. Barafu ilipoanza kushika, siku kumi na tisa zilizopita, wakagawana kazi: yeye anapima ufukwe huu, Irja anapima ufukwe wa kule. Simu yenyewe haimalizi hata nusu dakika. «Ngapi?» «Nane.» «Haya.» «Haya.»

— Na ile boti ya feni ya zimamoto, inayopita hata juu ya barafu? — Redio akauliza, kama anavyouliza kila Alhamisi.

— Ni ya mgonjwa mahututi na mwanamke mwenye uchungu wa kujifungua, — Waziri akasema. — Kifungu cha nne. Mimi nilikuwepo kikipitishwa.

— Irja ana miaka sitini na sita.

— Ndiyo maana nasema haimhusu!

Sirkka akaja na birika, akawamiminia. Ni mwanamke mnene wa maneno machache, na hayo machache ana kawaida ya kuyarusha kama mawe.

— Leo ni supu ya njegere, — akasema. — Nani anakula, nani anapiga domo tu?

— Ngoja kwanza, mama, nina jambo zito, — Waziri akasema, akavuta kiti kama yuko barazani. — Nimefikiri. Nimepata jibu la hii nane.

— Mungu wangu, — Sirkka akasema, akarudi jikoni.

— Lile ghala la kompyuta walilojenga wilaya ya jirani. Mnalijua? Kompyuta zinapata joto. Sasa nawauliza, joto lile linakwenda wapi?

— Hewani, — Kauko akasema.

— Hewani! Hewa imejaa, ndugu yangu, hujaona Januari hii? Hewa haina nafasi tena. Wanalipitisha chini, kwa bomba. Linatokea Lehtosaari, pale pale ufukweni kwa Hilkka.

— Taisto. Ni kilomita mia moja na kumi.

— Ndiyo maana inabaki nane! Bomba lingekuwa fupi ingekuwa sifuri.

Redio alikuwa anatikisa kichwa, macho amefumba, kama daktari anayesikiliza mganga wa kienyeji.

— Bomba, bomba. Wewe kila kitu bomba, kwa sababu mlipokuwa barazani mlishindwa kuleta hata moja. Sikiliza watu waliozunguka ziwa hili. Ni samaki.

— Samaki wamefanya nini? — Kauko akauliza, na papo hapo akajuta.

— Hawalali! Baridi ikija sangara anatulia chini, maji yanatulia, barafu inashika. Sivyo? Sasa Hilkka anamwaga wapi masalia ya kahawa? Kwenye sinki. Sinki linatokea wapi? Ziwani. Alipokuwa peke yake ilikuwa birika mbili kwa siku, samaki wakavumilia. Sasa wako wawili, wanawake wawili ndani ya nyumba moja, wiki saba, mapazia yalishatundikwa. Hiyo ni birika kumi na mbili! Sangara wa kule wote wana macho makavu, bwana, wanazunguka tu, wanakoroga maji. Barafu itashika wapi?

— Kwa hiyo ni kosa la mke wangu.

— Sijasema kosa, Mgane. Nimesema kahawa.

— Usiniite Mgane.

— Haya, Bwana Harusi.

Kauko akageukia dirisha. Ziwa lilikuwa la kijivu, maji ya mvua yamesimama juu ya barafu kama jasho. Ng'ambo, moshi wa Hilkka ulipanda wima. Kwa upana wa moshi alijua wamewasha jiko la mkate. Irja huoka Alhamisi, mikate ile ya iliki, na mwaka jana wakati kama huu mmoja ulikuwa unawekwa mbele yake bado una mvuke, naye alikuwa anaukata huku anasoma gazeti la kilimo. Hata hakukumbuka kama aliwahi kusema ni mtamu. Ulikuwa mkate, anakula, basi.

— Nyote wawili hamjagusa kiini, — Waziri akaendelea, maana bomba lilikuwa limeshamchosha mwenyewe. — Kiini ni saa.

— Saa gani?

— Hii ya kusogeza! Kila mwaka, Machi, tunaamka tunaambiwa sogezeni saa mbele. Tumeisogeza miaka arobaini na kitu. Sasa barafu nayo ni kiumbe, inakwenda na wakati wake. Tumeivuruga. Haijui Desemba ni lini.

— Lakini Oktoba tunairudisha, — Kauko akasema.

— Unairudisha kwenye ukuta, Kauko. Umewahi kuirudisha kwenye ziwa?

Redio akafikiri. Ilimuuma, maana hoja ilikuwa nzuri kuliko ya samaki.

— Mbona basi huku ni ishirini na mbili? — akauliza. — Ziwa moja lina saa mbili?

— Kisiwani wanachelewa. Kila kitu wanachelewa wale. Umeme walipata lini? Hata vita waliambiwa vimeanza wakati wengine tumeshaanza kurudi!

— Ulirudi wapi wewe, umezaliwa vita vimekwisha!

— Nazungumza kwa niaba ya wilaya!

— Viazi vyangu vimeota ghalani, — Redio akasema, sasa amepandwa na hasira yake mwenyewe. — Januari! Nimeshuka jana, vimenyoosha mikono kama vinaomba msaada. Dubu wa kwa akina Mattila ameamka, amekula chakula cha kuku, amerudi kulala. Bata mzinga wa Sirkka…

— Niache mimi na bata wangu, — Sirkka akasema kutoka jikoni.

— …ametaga! Na wewe unaniambia saa. Hii ni serikali, nakuambia. Wakishafuta barafu wanafuta barabara, wakifuta barabara wanafuta kisiwa, na kisiwa kikishafutwa…

— Nyamazeni!

Ni Kauko. Alikuwa amesimama, na kwa kuwa si mtu wa kusimama, wote wawili wakanyamaza kweli.

— Mimi sitaki kujua mambo ya samaki, — akasema. — Wala saa. Wala bomba. Mimi nataka mke wangu arudi nyumbani. Siku arobaini na tisa nakula soseji.

— Mfululizo? — Redio akauliza kwa sauti ya huruma.

— Krismasi nilizichoma.

Akakaa. Sirkka akatoka na bakuli la supu ya njegere, akaliweka mbele yake bila kumuuliza, na haradali pembeni.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia mwanamke wa koti la njano, kofia mkononi, nywele zimelowa zimegandamana kwenye paji. Usingemkosa: ubao wa kuandikia kwapani, na keke mpya kabisa yenye injini mgongoni. Akasalimu, akajitambulisha. Anaitwa Vuokko, ametoka ofisi ya barabara, ndiye anayefungua barabara za barafu kusini ya ziwa na kaskazini yake, na leo ni zamu ya Rautaniemi.

— Hatimaye! — Waziri akasema. — Dada, karibu, keti hapa. Mimi nilikuwa barazani.

— Sina muda mrefu, — Vuokko akasema, lakini kahawa aliipokea. — Ufukwe huu nimeshapima. Ishirini na mbili.

— Niliwaambia! — Kauko akawaambia wenzake, kana kwamba walikuwa wamebisha.

— Nikipata na namba ya ufukwe wa kisiwani, nitajua kama kesho nivuke na skuta ya theluji nikapime katikati, au nisubiri. Kuna mtu kule anayepima?

— Yupo, — wakajibu wote kwa pamoja, hata Sirkka.

— Irja, — Redio akasema. — Mke wa huyu hapa. Kila siku. Mwaminifu kama saa.

— Usitaje saa, — Waziri akanung'unika.

— Ni nane, — Kauko akasema. — Andika nane.

Vuokko akaweka kalamu juu ya karatasi, asiandike.

— Jana ilikuwa ngapi?

— Nane.

— Na wiki iliyopita?

— Nane. Siku kumi na tisa nane.

— Mimi kazi hii nina miaka kumi na moja, — Vuokko akasema taratibu. — Nimeona barafu ikiongezeka, nimeona ikipungua, mwaka huu nimeona ikifanya yote mawili kabla ya chakula cha mchana. Sijaona iliyokaa mahali pamoja siku kumi na tisa. — Akaipuliza kahawa. — Huyo Irja anapima kwa nini?

— Ili tujue unene, — Waziri akamweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni. — Maana bila kujua unene…

— Hapana, mzee wangu. Anapima kwa kitu gani? Keke? Shoka? Ana chombo gani kule?

Ulikuwa ni wakati wa kujibu. Redio akafungua mdomo, akaumiminia kahawa.

— Keke ya Hilkka, — Kauko akasema. — Ile ya marehemu mumewe. Ya bluu.

Waziri akaanza kujikuna shingoni.

— Ile ya bluu, — akasema, — iko gerejini kwangu. Hilkka alinipa Novemba. Alisema yeye ziwani haendi tena, na magoti yake yale.

— Basi shoka.

— Kwa shoka angetoboa, — Vuokko akakubali. — Lakini tundu la shoka huwezi kulisoma nane kavu kila siku. Ungesema saba, ungesema tisa, ungesema sijui. — Akawatazama mmoja mmoja, hana ubaya wowote, anataka tu kujaza karatasi yake. — Mmewahi kumuuliza?

Benchi zima likageukia Kauko. Alikuwa ameshika kijiko cha supu, na supu ilikuwa inadondoka mezani. Akaona zile asubuhi kumi na tisa zimepangana kama vijiti vya barabarani, kila moja sawa na mwenzake. Ngapi. Nane. Haya. Haya. Akaona pia kwamba nane ni namba ya ajabu: si ndogo hata mtu akaogopa akaita zimamoto, si kubwa hata mtu akajaribu kuivuka. Ni namba ya kumwacha kila mtu pale alipo.

— Kuna wanaopima kwa macho, — Redio akajaribu, sauti imepungua. — Mjomba wangu alikuwa anapima kwa kunusa…

— Oiva, — Sirkka akasema. — Funga.

Kauko akatoa simu. Sikio lake la kushoto liliuawa na msumeno wa injini zamani, na la kulia si zima sana, kwa hiyo simu yake husikika na chumba kizima. Ikaita mara tatu.

— Si umeshapiga leo? — ikasema sauti ya Irja. Nyuma yake vyombo vililia, na Hilkka alikuwa anacheka kitu.

— Nimeshapiga.

— Kuna nini? Umeanguka?

— Sijaanguka. Irja. Unapima kwa nini?

Kicheko cha Hilkka kikakatika katikati. Kauko akangoja aambiwe shoka. Alitamani sana kuambiwa shoka. Hata uma wa jikoni angeupokea.

— Kwa sababu, — Irja akasema, — ndicho kitu pekee unachoniuliza.

Redio akatazama dari. Waziri akatazama viatu vyake. Sirkka hakutazama pengine popote, alimkazia macho Kauko, birika mkononi.

— Nilidhani… — Kauko akaanza.

— Wiki saba, Kauko. Siku ya kwanza ya kupima nilikuambia nane kwa mzaha. Hata sikuwa nimetoka nje. Nikasema ngoja nione, atasema haiwezekani, ataniuliza niko wapi, nimelala vipi, Krismasi ilikuwaje. Ukasema haya. Kesho yake nikasema nane tena.

— Nami nikasema haya.

— Ukasema haya.

— Samahani, — Vuokko akanong'ona, kalamu bado iko hewani, maana siku ilikuwa inakwenda na alikuwa na fukwe mbili zaidi kabla ya giza la saa tisa. — Sasa upande wa kule niandike ngapi?

Kwa kweli hakuna aliyejua. Huenda ilikuwa ishirini na mbili siku nyingi, huenda ilikuwa nane hiyo hiyo, huenda sangara kweli hawalali.

— Muulize kitu! — Redio akamnong'oneza Kauko, na mnong'ono wa Redio ni kelele ya mtu mwingine. — Kingine! Chochote!

— Muulize hali ya hewa, — Waziri akasema.

— Hali ya hewa ndiyo hiyo barafu, mpumbavu wewe! Muulize kahawa!

Kauko akawageuzia mgongo, akaelekea dirishani, paji la uso karibu liguse kioo. Moshi ulikuwa bado unapanda. Akatafuta swali kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko uliotoboka. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na hakuna hata moja lililokuja mbio. Kisha akaliona lile daraja la pantoni, tarehe tisa Desemba, na Irja akipanda. Alishika chuma, akapanda ngazi moja, akasimama, akapanda nyingine. Yeye Kauko alikuwa ndani ya gari, injini inanguruma, anamwona, na aliwaza tu kwamba atachelewa benchini.

— Irja, — akasema. — Goti lako linaendeleaje?

Mvua ikapiga kioo.

— Goti lipi?

Akafumba macho ajikumbushe vizuri: chuma kilikuwa upande upi, mguu upi ulitangulia.

— La kushoto.

Benchi zima likainama mbele. Hata yule wa ofisi ya barabara alikuwa ameshusha kalamu.

— La kulia, Kauko, — akasema Irja.

Lakini hakukata simu.